Mwanasesere wa Rangi ya Rozalia

Jumamosi moja ya mwaka 1975, Verediana alikaa kibarazani kwake Mlandege, mjini Iringa, akamfungua mwanasesere mikono na miguu. Alikuwa mwanasesere mweupe wa Ulaya, mwenye viungo vya mviringo kama gololi, vilivyoshikana kwa mpira uliopita ndani ya mwili. Verediana alizoea kutia rangi milulu ya kusukia vikapu. Kazi hii aliletewa na Bi Damari wa Ilomba, Mbeya, mke wa meneja wa ghala. Meneja alihutubia mikutano kuhusu heshima ya Mwafrika, na hakutaka wageni wamkute mtoto wake amebeba mtoto wa Kizungu.

"Mtie rangi yetu," Bi Damari alikuwa amesema. "Hata ya Rozalia wako inatosha."

Rozalia, binti pekee wa Verediana, alikuwa na miaka kumi na tisa. Huu ulikuwa mwaka wa pili anafanya kazi za ndani kwa Bi Damari. Hata Krismasi hakurudi nyumbani.

Sufuria lilikuwa motoni tayari. Ndani yake mlikuwa na gauni la zamani la Rozalia, ambalo mama yake alikuwa akilikoleza rangi upya. Watia rangi wa milulu hawawashi moto mara mbili kwa vitu vinavyoweza kuchemka pamoja. Verediana akatumbukiza mikono, miguu, kiwiliwili na kichwa, akakoroga, akafunika.

Alipovitoa vilikuwa vya kahawia iliyoiva. Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na alama nyekundu ya pembe tatu, ndogo kama ukucha. Akaisugua kwa majivu. Akaurudisha mkono motoni. Alama ikarudi nao.

Akaunga viungo. Akakwangua chaki za rangi kwa wembe, akaupaka unga wake mashavuni kwa pamba, akachora nyusi, akapiga vanishi ya maseremala. Jumanne, saa nne asubuhi, jicho la kulia likavimba chini ya vanishi. Vanishi haikupasuka.

Akamwita Mzee Kalinga, balozi wa nyumba kumi.

"Kamwene, mama Roza." Mzee akavaa miwani, akaukunja na kuukunjua mkono wa mwanasesere. "Hii ni pasi ya mkaa. Na ilikuwa ya moto kwelikweli."

"Ni mwanangu huyo, mzee."

"Naona. Mpaka pua ni yake."

"Basi mwandikie balozi mwenzako wa Ilomba."

"Shahidi nimtaje nani? Huyu?" Akamlaza taratibu juu ya mkeka. "Hana hata kadi ya chama. Tena balozi wa kule ni yule meneja mwenyewe."

Ijumaa Bi Damari akapita na Landrova kuchukua kazi yake.

"Mama Roza, mikono yako ibarikiwe! Huyu sasa ni mtu." Akamgeuza, akaguna. "Ila hii ya pasi umeikosea. Yake iko chini zaidi, karibu na kiwiko."

"Na jicho?"

"Jicho umepatia. Jumanne alivunja birika."

Verediana akapiga magoti. "Mama, nirudishie mwanangu. Nitakuja kufua mimi."

"Kwa mgongo huo?" Bi Damari akacheka. Akamfunga mwanasesere kwenye khanga, akamwacha kichwa nje apate hewa. "Nitamshonea mikono mirefu. Alama hazitaonekana."

Wiki mbili baadaye Verediana alipanda basi la alfajiri hadi Mbeya. Bi Damari akamkaribisha chai. Ndani ya kabati la kioo alisimama mwanasesere, amevaa gauni la mikono mirefu. Mdomo wake ulikuwa umechanika, na kidole kimoja kilikuwa kimepinda mahali pasipo na kiungo. Mtoto wa Bi Damari alikuwa amemkataa, akicheza na kopo la maziwa. Wageni walimsifu sana mwanasesere huyo.

Rozalia akaingia na sinia, akapiga goti. "Shikamoo, mama." Mdomo wake nao ulikuwa umechanika, lakini upande mmoja tu.

"Marahaba. Funga mzigo, tunaondoka."

"Ruhusa ya kusafiri huitoa balozi," Bi Damari akasema. "Na balozi yuko mkutanoni. Kunywa chai, mama Roza." Akatoka kuangalia mboga zake.

Rozalia akasogea karibu. "Usigombane nao, mama. Tangu huyu aje, nafuu ipo. Nikipigwa, nusu inaenda kwake. Juzi ulikuwa mchi. Mimi kidole kiliuma tu, chake ndicho kilichovunjika."

Verediana akafungua kabati, akamwinulia mwanasesere gauni. Chini ya gauni hapakuwa tena na mahali pazima.

"Amejaa," Rozalia akasema. "Nitengenezee mwingine."

Verediana akanywa chai yake, kwa kuwa ilikuwa inapoa.

"Mdogo kama huyu?"

Rozalia akafikiri.

"Hapana, mama. Mkubwa kama mimi."