Mjane Aliyemtuliza Mpiga Piano

Haya nilisimuliwa na jirani yangu, fundi wa kujalidi vitabu, Jumatatu iliyopita tukianua nguo. Alicheka mpaka shuka likamponyoka, ikabidi tulifue upya.

Mwanawe hupiga piano na kuongoza okestra. Lakini babu yake alikuwa mwandishi, tena wa kusomwa mpaka shuleni, basi huyo bwana, na mvi zake kichwani, watu humwita Mjukuu tu. Apige vidole viwake moto, mtu atamvizia mlangoni: "Eti yule mjane wa kwenye kitabu cha babu yako, kwa nini alimkataa mwenye duka?"

Naye hujibu, "Babu alikuwa na siri zake," akapita. Ukweli ni kwamba hakuwahi kukisoma.

Jumapili mchana, siku moja kabla sijasimuliwa, kamati ilikuja ukumbini kuamua kama okestra aliyoishikilia kwa muda atapewa moja kwa moja au ataletwa mgeni. Mwenyekiti alikwisha kumwonya: "Mjukuu, una haraka. Muziki wa polepole unaukimbiza kama umeacha maziwa jikoni."

Akaketi kwenye piano, mgongo kwa watu, wapigaji wamemzunguka. Akafungua kitabu chake cha kijani. Nota hakuna hata moja. Ni kile kitabu cha babu, kwa mwandiko wake mwenyewe, juu mpaka chini. Mama yake alijalidi vyote viwili kwa kitambaa kimoja, maana kilibaki, na yeye hatupi kitu.

Jasho likamtoka. Kwa bahati muziki wenyewe aliujua kwa moyo, na akikifunga kitabu wapigaji wataingiwa na hofu. Akawa anafunua kurasa hivyohivyo.

Dada wa fidla ya kwanza akanong'ona, "Kiongozi, mbona leo unafunua ovyo?"

"Wewe piga, dada."

Ikafika sehemu ya polepole. Jicho likateleza chini: mwenye duka amepiga magoti mlangoni kwa mjane, na mjane ndiyo kwanza anafungua kinywa. Hapo Mjukuu hakuweza kubanduka. Akainua mkono, wapigaji arobaini wakanyamaza, pinde za fidla hewani. Akafunua ukurasa.

Mjane akasema, "Nikiolewa na wewe, bei ya sukari nitagombana na nani?"

Kicheko kikamkaba. Akakimeza, mabega yakatikisika. Waliokaa nyuma wakaona mtu analia, nao wakatoa vitambaa. Aliporudisha mkono kwenye piano, ukumbi mzima unapenga kamasi.

Muziki ulipokwisha, mwenyekiti akamjia macho mekundu. "Leo umetulia, Mjukuu. Ulilia?"

"Yalinizidi, mzee."

"Kazi ni yako. Hebu nione uliandika nini pale uliponyamaza."

Mjukuu akakikumbatia kitabu. "Samahani, mzee. Hiki ni cha familia."

Nyumbani akamkabili mama yake. "Mama, nusura unikoseshe kazi. Vitabu gani hivi, vimevaa sare kama mapacha?"

"Ulichukua mwenyewe. Macho si unayo?"

"Haya, yaishe. Mwenye duka alifanya nini baadaye?"

Mama akaangalia pembeni. "Nitajuaje? Mimi nilishona tu."

Wakatazamana, kisha wakasogeleana kwenye kochi, jua bado liko dirishani. Mwana akasoma kwa sauti. Kabla mwenye duka hajasimama vizuri, mama anakoroma. Mjukuu akaendelea peke yake, taratibu, kurasa mbili, ya tatu ikamshinda, akalala na viatu miguuni.