Tulitia Sahihi kwa Soda

Unapita pale kila siku. Ukifika kwenye ule uzio wa mabati ya buluu, mtaani Malakia, unageuza uso upande wa mto kama mtu aliyemwona shemeji yake mlevi njiani. Usikatae. Nimekuona. Mimi hukaa kwa Betty, anayeuza chai mkabala na geti, na macho yangu hayana kazi nyingine.

Nyuma ya mabati hayo ndipo ulipo Uwanja wa Kivuko, uwanja wetu wa mpira. Sisemi ulipokuwa. Udongo haujahama.

Mimi ni Lam. Nilikulia Kakuma, kambini Kenya, shule nikaishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Niliporudi 2007 sikumjua mtu hapa Juba. Jumamosi ya kwanza nilifuata kelele nikafika Kivuko, nikasimama nyuma ya goli la upande wa mto. Mtu akasogea kidogo, akaniachia nafasi. Nafasi ile ikawa yangu miaka tisa.

Julai 2016, risasi zilipolia, watu walikimbilia uwanjani wakalala pale na watoto wao. Hatukulalamika. Mpira ukasubiri. Watu walipoondoka yakaja makontena, tukaambiwa ni ya muda. Baada ya makontena, mabati. Hakuna aliyetuuliza.

Tangu hapo tunacheza kwenye uwanja wa kuazima, chini ya mlima wa Jebel, wenye mawe. Mgeni akija hucheka. Kivuli cha mlima kiko upande mmoja, mashabiki wa Kivuko tumebanana upande wa pili, juani, nyuso zimekunjamana. Nyumbani tulisimama mashariki, na kule tunasimama mashariki. Hakuna mkutano uliopitisha jambo hilo. Miguu ndiyo iliyotupeleka.

Mchora mistari wetu ni mzee Kenyi, aliyerudi kutoka Uganda. Ana kamba yenye mafundo, kila fundo ni kipimo: hapa boksi, hapa katikati, hapa kona. Kule Jebel fundo la mwisho linaangukia mtaroni. Siku moja nilimwambia, "Mzee, ikate basi, upumzike."

"Mimi hapana kata," akajibu bila kuniangalia. "Kamba iko sawa. Kiwanja ndio iko fupi."

Sasa kosa lenyewe.

Machi mwaka huu tuliitwa mkutanoni mtaa wa Hai Cinema, kwenye ukumbi wa hoteli. Bwana mmoja wa suti akasema kuna mpango wa kuinua michezo. Kulikuwa na sambusa, na soda baridi ndani ya barafu. Kabla ya soda ikapitishwa karatasi, juu imeandikwa "Waliohudhuria": jina, simu, sahihi. Tukaandika. Sisi ni watoto wa kambi, wengine za Kenya, wengine za Uganda, na kambini orodha ni unga. Asiyeandikwa hali. Ukisikia orodha unakimbia kwanza, kuuliza baadaye. Shabiki mwenzetu Ayen, aliyechelewa, aliingia akihema: "Nimeandikwa? Nani ameniandika?" Hata hakujua mkutano ni wa nini.

Na kuna aliyesimama juu ya kiti akapaza sauti, "Saini, jama! Bila orodha hakuna soda!" Ukumbi mzima ukacheka. Mtu huyo, ambaye sahihi yake ni namba moja, ni mimi. Mimi ninayewasumbua kila siku msome kabla ya kusaini.

Jumatatu wiki hii nikasikia fununu, nikaenda ofisi ya ardhi. Karani wa pale, Priscilla, akaniwekea faili mezani. Juu kulikuwa na barua: sisi, mashabiki wa Kivuko, tumekubali uwanja wetu ujengwe maduka, na timu ibaki Jebel moja kwa moja. Nyuma ya barua zimebanwa sahihi zetu sabini na mbili. Karatasi ya sahihi ilikuwa fupi kuliko barua. Ile sehemu ya juu, yenye neno "Waliohudhuria", ilikuwa imekatwa kwa mkasi.

"Hii ni sahihi yako, ndugu?" Priscilla akauliza.

"Ni yangu."

"Basi ulikubali."

"Nilikubali soda."

Hakucheka. "Soda haiko kwenye faili."

Nikasema maneno mengi. Aliniacha nimalize, akanywa maji, akasema, "Kila aliyesaini anaweza kuja mwenyewe na kitambulisho chake, akanushe. Nusu yenu mkikanusha, faili inarudi ilikotoka. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana. Na usiniletee mtu mmoja wa kusema kwa niaba ya wengine. Huo mchezo nimeuchoka."

Akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina langu, nikatia sahihi pembeni. Ilikuwa kazi fupi kuliko kuinywa ile soda.

Jumanne mzee Kenyi akaja, akaweka dole gumba. Betty naye aliziacha birika zake mikononi mwa jirani, akaja. Jumatano asubuhi nikaenda stendi ya bodaboda.

"Arop!" nikaita. "Wewe ni namba kumi na nne. Nipakie, twende ukafute jina."

Arop hakushuka kwenye pikipiki yake. "Ulisema saini, nikasaini. Leo unasema futa. Kesho utasema nini, mheshimiwa?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akapiga honi.

"Kesho nitasema samahani," nikamjibu. "Leo saa zinakwenda."

"Hapana, ya akhi, ndugu yangu. Sema leo."

Miaka yote hii nimewatukana wakubwa hadharani, na ulimi haujawahi kuniuma. Siku hiyo uliniuma. Waendesha boda kumi walikuwa wananiangalia.

"Samahani," nikasema. "Nilikosea, nikawakosesha na nyinyi."

"Sijasikia. Injini inanguruma."

"Injini umeizima, Arop."

"Basi rudia."

Nikarudia, kwa sauti ya uwanjani. Ndipo akapiga kiki. "Panda. Na hiyo samahani nitaitangaza Juba nzima."

Aliitangaza kweli. Kufikia jioni alikuwa amewapeleka ofisini watu wanane, wawili wawili, kila mmoja akishuka ananiambia, "Lam, nasikia uliomba msamaha. Tuombe na sisi." Niliomba. Nitaomba tena.

Leo ni Alhamisi. Wamekuja na wengine, na ofisi imefungwa tukiwa thelathini na tatu. Nusu ya sabini na mbili ni thelathini na sita.

Wewe ni mmoja wa waliobaki. Nimefika kwako, umemtuma mkeo aseme dirishani kwamba umelala. Umewaambia watu eti wakubwa wameshaamua, tunapoteza muda. Kama wameshaamua, walitaka sahihi yako ya nini? Kwa nini mtu mzima mwenye suti ahangaike na mkasi? Umesema pia utangoja ule uwanja mpya wa viti wanaotuahidi. Hata makontena tuliambiwa ni ya muda.

Mzee Kenyi ana miaka sabini na moja. Hataki kiti. Anataka kuinyosha kamba yake mahali ambapo fundo la mwisho linafika kona. Kesho kuanzia saa mbili asubuhi atakuwa kwenye geti la ofisi ya ardhi, kamba begani, akihesabu wanaoingia.

Karatasi hii nimeipitisha chini ya mlango wako kwa sababu mlango hukufungua. Umeshaisoma mpaka hapa. Huwezi tena kusema hukujua. Chukua kitambulisho. Arop atakupakia, ameshaambiwa nyumba yako. Ukipita Malakia, tazama yale mabati. Uwe umefika kabla ya saa sita, ufute jina lako.