Sauti Aliyoisikia Alvar

Kanana alijulikana mjini Meru kwa upole. Ofisi yake ya kupiga chapa ilipokea makarani, wachungaji na wapenzi waliogombana, na wote aliwaandikia barua zao bila kukunja uso. Lakini hao walikuwa wateja wa hapa nyumbani. Wateja wa intaneti walikuwa kitu kingine kabisa.

Ilikuwa mwaka wa 1999. Kompyuta yake ilitumia waya wa simu, kwa hiyo mtu akipiga simu, intaneti inakufa. Ukifungua picha ya mtu, unaweza kutoka, ukanywa chai na mandazi, ukarudi ukakuta amefika kifuani tu. Hata hivyo yeye na Nasro, muuza vitambaa wa duka la jirani, walikuwa wameingia katika mnada wa intaneti. Mjomba wa Nasro, Mzee Hirsi, aliendesha lori kutoka kaskazini, na kila safari alirudi na vitu vya kale: vigoda vya kulazia kichwa, vibuyu vya maziwa na kengele za ngamia za kuchongwa kwa mbao, ambazo Nasro aliziita koor. Ng'ambo kulikuwa na watu wanaokusanya vitu hivyo kama watoto wanavyokusanya vizibo vya soda.

Na watu hao walikuwa na maswali! Mama mmoja wa Marekani alitaka kujua kama ngamia aliyevaa kengele alikuwa na furaha.

"Mwambie alikuwa na furaha Ijumaa tu," Nasro alisema.

Mwingine alishinda kigoda cha kulazia kichwa, kikamfikia, kisha akalalamika kwamba ni kigumu.

"Ni mti!" Kanana alipiga kelele mbele ya kompyuta. "Alitaka tumwekee pamba?"

Halafu akaja mzee Alvar wa Uswidi. Huyu alitaka picha ya kengele kwa juu. Akatumiwa. Akataka ya chini. Kanana akaenda tena kwa mpiga picha, akasubiri isafishwe, akaitia kwenye kompyuta. Akataka ya ndani. Mwisho akaandika: "Nahitaji kuisikia."

"Intaneti yetu inashindwa na picha, itabeba kengele?" Kanana aliuliza.

Alvar akapiga simu. Kanana alishika mkono wa simu juu kama mtu anayeombea mvua, na Nasro akaitingisha kengele. Ko-ko, kolo-ko. Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea kusikiliza. "Tena," ilisema sauti nyembamba kutoka Uswidi. "Taratibu." Nasro akarudia mpaka kitambaa kikamtoka kichwani kwa kucheka. Alvar akashinda mnada, kengele ikapelekwa posta, na Kanana akamshukuru Mungu kwa moyo wote.

Baada ya majuma kadhaa imeli ikaingia. "Kengele imefika. Ni nzuri sana. Siyo ile."

Kanana aliisoma, akasimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha vidole vyake vikaanza kukimbia. Alimwandikia Alvar mambo ambayo hata wapenzi waliogombana hawakuwahi kumtuma aandike. Yote kwa herufi kubwa. Akabonyeza kutuma, na papo hapo simu ikalia, intaneti ikakatika kabla barua haijaondoka. Aliyepiga alikuwa anauliza kama ofisi inafunguliwa Jumamosi.

"Siyo ile!" Kanana alimwambia Nasro, mikono hewani. "Mbao ile ile, ufa ule ule wa kwenye picha! Amewahi kupiga kinanda kanisani, ameandika hapa, kwa hiyo anajua sauti. Sauti gani? Ko-ko ni ko-ko!"

Nasro alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Nasro?"

"Ile ya kwenye picha," Nasro alisema polepole, "ulikuwa umeshaifunga kwa karatasi siku ile ya simu. Mimi nilichukua iliyokuwa juu ya kabati."

Wakatazamana. Halafu kicheko kikawakamata, kicheko cha kulazimisha mtu ashikilie meza. Yule mzee mwenye maudhi alikuwa amesema kweli tupu! Kutoka ng'ambo, kwa simu ya kukwaruza, alikuwa ameitofautisha kengele moja na nyingine. Kanana aliifuta ile barua ya herufi kubwa haraka haraka, uso ukimchoma.

"Sasa ya kabatini iko wapi?"

"Wallahi, niliiuza. Kwa yule Riungu wa Timau aliyenunua vitambaa vya harusi. Ng'ombe wake anapotea kwenye ukungu."

Kesho yake walipanda lori la Mzee Hirsi wakiwa na kengele nyingine tano za kubadilishana, katika gunia moja. Timau iliwapokea kwa baridi ya kukata masikio. Nasro, ambaye hakuwahi kufika huko juu, alijifunga kitenge juu ya sweta, na kanga juu ya kitenge, mpaka mjomba wake akamwuliza kama bado yumo ndani. Upande mmoja wa barabara ngano ilienda mpaka macho yakachoka. Upande wa pili kulikuwa na boma la Riungu, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu.

"Muga," Kanana alimsalimu kwa Kimeru, kisha akamweleza.

Riungu alimsikiliza hadi mwisho. "Mmetoka Meru kutafuta sauti?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi sina neno. Ngamia, Mzungu, yote ni ya Mungu. Lakini mwenye kengele ni Malkia. Mwulizeni yeye."

Malkia alikuwa ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe na dharau nyingi. Riungu aliwaeleza kwamba tangu avae ile kengele hakubali kukamuliwa bila hiyo. Akivuliwa, anapiga ndoo teke. Ikabidi wamvue na kumvalisha nyingine. Ndoo ikaruka. Ya pili: akalala chini. Ya tatu akaisikiliza, wote wakabana pumzi, kisha akageuka akatimua mbio hadi kwenye ngano ya watu.

"Mshikeni!" Riungu alipaza sauti. Kanana akakimbia na viatu vya ofisi, Nasro akakimbia na vitambaa vyote, Mzee Hirsi akasimama barabarani akitoa miito ya kuitia ngamia, ambayo Malkia hakuielewa hata kidogo. Kanana aliteleza akakaa kwenye matope, na badala ya kulia akajikuta anacheka hadi machozi yakamtoka. Aliona wazi sasa: kumbe Alvar hakuwa mteja mgumu. Mteja mgumu ni huyu.

Walipomrudisha bomani, kengele ya nne Malkia aliilamba. Ya tano ilipolia, nzito kidogo, alishusha kichwa akaanza kula majani kama mke wa chifu mezani. Riungu akachuchumaa akakamua. Maziwa yakaja.

"Amekubali," alisema. "Chukueni yenu. Lakini kwanza mnywe chai, huyu mama wa vitambaa anatetemeka."

Jioni ile Kanana alimwandikia Alvar ukweli wote, na ng'ombe ndani yake. Asubuhi simu ikalia. Nasro akaingia mbio kutoka dukani kwake, akaichukua kengele, akaitingisha.

Ko-ko, kolo-ko.

Kanana akausogeza mkono wa simu karibu na kengele. Laini ikakwaruza.

"Hiyo," Alvar alisema. "Hiyo hasa. Tena, tafadhali."

Nasro akatingisha tena. Karani mmoja kwenye foleni akaanza kugonga meza kufuatisha, mama aliyeleta barua ya shule akapiga vigelegele bila kujua sababu, na Nasro akaacha kutingisha akaanza kucheza. Kanana aliwanyooshea mkono wa simu wote kwa pamoja. Kutoka upande wa pili, kwa mbali sana, alisikia mzee akipiga makofi, nje kabisa ya mdundo.