Mapigo ya Reuben

Kengele zililia. Amasa Thayer alizisikia akiwa amefumba macho, na kwa mazoea akaanza kuhesabu. Kule kwao milimani mtu akifa, kengele ya nyumba ya ibada hupigwa pigo moja kwa kila mwaka alioishi. Watu husimamisha kazi mashambani, wakahesabu, wakajua ni nani amekwenda. Amasa alihesabu hadi sitini. Akapita themanini, akapita mia, na kengele haikukoma. Akajiuliza, bila kujali sana, ni maiti gani huyo aliyeishi miaka yote hiyo.

"Fumbua macho, jirani," alisema Zadok Pease, mjumbe wa mji jirani na wao, akimgusa kiwiko. "Tumeshindwa. Boston inasherehekea."

Amasa akafumbua. Ukumbi ulikuwa umejaa wajumbe wa Massachusetts nzima, wengine wakikumbatiana, wengine wakitazama viatu vyao. Kura kumi na tisa tu ndizo zilizowatenganisha. Katiba mpya ilikuwa imekubaliwa: serikali moja juu ya majimbo yote, yenye kodi yake na jeshi lake. Mji wake ulikuwa umemchagua Amasa kwa kuinua mikono, ukamtuma na neno moja, hapana. Jina lake lilipoitwa, alilisema neno hilo. Lilimtoka mdomoni kama punje ya mahindi makavu, halina ladha.

Tangu baridi ya mwaka uliopita hakuna kilichokuwa na ladha. Mwanawe Reuben alitoka na wakulima wenzake, kila mmoja na kijitawi cha msonobari kofiani kama alama yao, kwenda kuzizuia mahakama zisiwanyang'anye mashamba kwa ajili ya madeni. Askari wa jimbo wakawafyatulia mzinga. Reuben akarudishwa nyumbani juu ya ubao, ukivutwa thelujini. Mchungaji akasema kengele haipigwi kwa mwasi. Amasa hakubisha. Alikwenda kulisha ng'ombe.

Sasa pale ukumbini mjumbe mmoja wa upande wao alisimama. Alisema ameshindwa kwa haki, na atarudi kwao kuwaomba watu wake wakubali. Akasimama wa pili, naye akasema hivyo hivyo. Kisha Zadok.

"Nilikuja hapa na mngurumo wa simba," alisema Zadok, "narudi na mkia wa kondoo. Lakini hesabu ni hesabu."

Watu wakacheka. Walioshinda nao walikuwa wametoa kitu chao: waliipitisha Katiba pamoja na marekebisho waliyoyapendekeza, ya kulinda haki za watu. Kubalini kwanza, walisema, tutarekebisha baadaye. Amasa akajikuta naye amesimama. Aliahidi kama wenzake. Aliisikia sauti yake kama mtu anayesikia jirani akizungumza nyuma ya ukuta.

Njiani walipanda gari la farasi la kuteleza juu ya theluji. Zadok aliendesha, akizungumza kwa niaba ya wote wawili.

"Yule Asahel, kaka wa mkweo, bado anayo bunduki?"

"Anayo ya Reuben."

"Alisemaje ulipoondoka?"

"Nikirudi na habari ya ndiyo, atatoka nayo. Wenzake watamfuata."

Zadok alizivuta hatamu mpaka wakamaliza mteremko.

"Basi kazi unayo, ndugu yangu. Mimi nangojewa na mke tu, na hata huyo nitampigia magoti."

Mehitabel, mjane wa Reuben, alikuwa akikoroga uji wa mahindi Amasa alipoingia. Asahel aliketi karibu na moto, bunduki mapajani, akiisugua kwa kitambaa chenye mafuta. Kofiani mwake kulikuwa na kijitawi cha msonobari, kibichi, cha asubuhi hiyo.

"Karibu, baba," alisema Mehitabel. "Umekonda. Hawakukulisha huko?"

"Walinilisha."

Asahel hakuinuka. "Tunasikia mmeshindwa, mzee."

"Tumeshindwa."

"Na tunasikia ulisimama ukaahidi utatufunga midomo. Mchuuzi kapita hapa jana, kaeleza yote."

"Niliahidi nitawaomba mkubali."

"Unaomba. Shemeji yangu yuko chini ya theluji, wewe unaomba."

Amasa aliitafuta hasira yake, kama mtu anayepapasa mfuko huku anajua ni mtupu. Akaketi.

"Mwaka jana hakuna aliyetuhesabu, Asahel. Walitupiga mzinga. Safari hii tuliitwa majina mmoja mmoja. Nikaitwa mimi, nikasema hapana mbele ya wakubwa wote, na hakuna aliyenigusa. Ukitoka na hiyo, safari ijayo hawatahesabu. Watarudi kwenye mzinga."

"Maneno ya mjini hayo. Wamekununulia na koti?"

"Koti ni lile lile. Tazama kiwiko."

Mehitabel alicheka puani, kidogo. Kisha akauacha mwiko ndani ya chungu.

"Asahel, hebu nyamaza. Baba, hao wa Boston nao hawakukubali bure, au vipi?"

"Katiba kwanza, marekebisho yafuate. Ndivyo walivyopatana."

"Basi na mimi nipatane hivyo. Asahel ataitundika bunduki. Si kwa ajili ya Boston, ni kwa sababu namwambia mimi, na mimi ndiye niliyefiwa."

Asahel aliweka kitambaa chini.

"Lakini na mimi nadai rekebisho langu," aliendelea Mehitabel. "Mume wangu alizikwa kimya kama mbwa. Kengele haikulia hata mara moja. Na wewe, baba, ulikwenda kulisha ng'ombe."

Amasa aliitazama mikono yake. Ilikuwa imeanza kupata moto wa mekoni, na vidole vilimchoma kama vinavyochoma damu inaporudi. Aliviacha vichome.

"Mchungaji atakataa," alisema.

"Najua."

"Mnara una kufuli."

"Wewe una shoka."

"Shoka hapana. Nimkataze huyu bunduki, halafu mimi nishike shoka?"

Asahel akainuka. Aliitundika bunduki kwenye vigingi vyake juu ya meko, taratibu, bila kumtazama mtu. Kijitawi hakukitoa kofiani.

"Haya, mzee," alisema. "Shoka hapana, bunduki hapana. Una nini kingine?"

Amasa akamgeukia Mehitabel. Safari hii sauti iliyomtoka ilikuwa yake.

"Mwezi wa tatu kuna mkutano wa mji. Nitasimama niwaombe wainue mikono, kengele ipigwe kwa ajili ya Reuben. Wakinishinda, nitarudi nyumbani, na mwaka unaofuata nitasimama tena, na mwaka wa baada yake, mpaka mikono itoshe. Siku hiyo kamba sitamwachia mtu. Nitaivuta mimi mwenyewe, mwanangu, mapigo ishirini na manne, nisiruke hata moja."