Ree Mbili Nilizozitupa

Wastaafu wenzangu watawaambia kwamba siku ile nilipigwa na jua. Waongo. Tulikuwa ndani ya ukumbi wa chama, chini ya paa zima, nimekunywa chai vikombe viwili, na akili zangu zilikuwa timamu kuliko za wote waliokuwemo. Mimi sisemi uongo. Chumvi natia, lakini uongo sisemi.

Tuanze na goti. Mke wangu ameshona sare za shule na mapazia kwa miaka thelathini na minne, kwa cherehani ya kukanyaga, mguu wa kulia ukipanda na kushuka kutwa nzima. Mwaka jana goti likagoma. Daktari alilibonyeza, akatikisa kichwa, akasema mambo ya pedali basi. Mke wangu alirudi nyumbani, akatandaza kitambaa juu ya cherehani kama mtu anayefunika mgonjwa, akasema, "Nafunga."

Neno moja tu. Nyumba ikanyamaza hadi nikaanza kumsikia mjusi wa ukutani akikohoa. Mke wangu akawa anakaa dirishani, anahesabu mishono ya nguo za wapita njia. Nikajiapiza: huyu mwanamke atashona tena, hata kama nitalazimika kulizungusha gurudumu lile kwa meno.

Wiki hiyohiyo kiwanda kimoja kilichokuwa kinahama kikakipa chama chetu cherehani mbili za umeme, za kugusa kwa kidole cha mguu tu zikaenda. Waliozitaka walikuwa wanane. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hadi leo akiingia mahali watu wanachomekea mashati, akaamua tuzishindanie kwa poka, mchezo wetu wa karata wa kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana.

"Wa kwanza mashine," alisema. "Wa pili mashine. Zinafanana hata skrubu. Wa tatu nampa mkono."

Wengine walisikia neno "kwanza" tu. Mimi nilisikia "pili".

Nilikuwa mtunza stoo ya vipuri vya matrekta kwa miaka ishirini na tisa. Mtunza stoo anajua jambo moja ambalo wakubwa wake hawalijui: mkanda wa feni wa mwisho rafuni una thamani kuliko mikanda mia inayoongezwa kwenye lundo lililojaa. Ukiwa na mia ukaongezewa mia, umepata vumbi la kupangusa. Ukiwa na mmoja ukaupoteza, trekta limelala shambani. Na mezani kwetu ni hivyohivyo. Wakishinda wawili, rundo kubwa kuliko la mwenzio halikupi mashine mbili. Kuishiwa ndiko kunakokutoa.

Nikafungua kompyuta aliyoniachia binti yangu, ile isiyo na herufi E. Nilijifundisha mwenyewe kutengeneza lahajedwali, jedwali linalojihesabia lenyewe ukishaliambia pa kuanzia. Nikaandika: nikiwa na vifungo kadhaa, na mwenzangu kadhaa, na wa tatu kadhaa, nikiweka vyote nina nafasi ngapi katika mia ya kupata mashine, na nikitupa karata nina ngapi. Siku tisa. Mistari elfu nne. Kompyuta ilipata moto hadi nikawa naipepea kwa kifuniko cha sufuria, na jirani akabisha hodi kuomba kaa la kuwashia jiko.

Nimesema vifungo, na ni vifungo kweli vya nguo. Chama hakina vidude vya kuchezea, kwa hiyo tangu zamani tunaazima vifungo vya mke wangu. Mia nne, hamsini kila mtu.

"Nivione vyote vikirudi," alisema akinikabidhi kopo.  Kisha akavuta kile kitambaa cha juu ya cherehani kikae sawa.

Saa tisa alasiri tulikuwa tumebaki watatu.

Wa kwanza, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mkaguzi wa tiketi za treni mstaafu. Tumetaniana miaka thelathini bila kuulizana swali moja la maana. Uchezaji wake ni mmoja: karata zake mbili zikigawiwa, anazifunika kwa kiganja bila kuziangalia, anasukuma rundo lake lote katikati na kupiga kelele, "Vyote!" Watu hutetemeka na kukimbia, naye anaokota.

Wa pili, King'ora, aliyeendesha ambulensi, mtu mpole asiyesema hata ukimkanyaga. Alibaki na vifungo ishirini.

Wa tatu, mimi. Shemeji alikuwa na mia na tisini. Mimi pia mia na tisini, tumelingana kifungo kwa kifungo.

Kila mzunguko watu wawili huweka vifungo vya lazima kabla ya kugawiwa: mmoja kumi, mwingine ishirini, kwa zamu. Zamu hii kumi vilikuwa vya shemeji, ishirini vyangu. King'ora akazitupa karata zake. Shemeji akafunika zake kwa kiganja.

"Vyote! Shemeji, nenda nyumbani ukamenye vitunguu."

Nikainua pembe za karata zangu. Ree ya kopa. Ree ya shupaza.

Jamani. Hakuna karata mbili za kuanzia zinazozidi hizo. Mtu anaweza kuzeeka akizisubiri. Mkono wangu wa kulia ukaanza kwenda wenyewe kwenye vifungo. Nikaukamata kwa wa kushoto.

Nikafungua kibweta cha miwani. Ndani ya kifuniko nilikuwa nimebandika kikaratasi chenye mistari ya jedwali iliyo muhimu zaidi.

"Unafuta miwani au unafuta dhambi?" shemeji akauliza.

"Dhambi zako hazifutiki kwa kitambaa, zinataka brashi ya chuma."

Watu wakacheka. Mimi nikasoma. Ree mbili dhidi ya karata zisizoangaliwa: nashinda mara themanini na tano katika mia. Mara kumi na tano natoka wa tatu, napewa mkono na mwenyekiti. Nikizitupa, nabaki na mia na sabini, na mzunguko unaofuata vile ishirini vya lazima ni zamu ya King'ora, yaani uhai wake wote. Nafasi yangu ya kupata mashine: tisini na mbili.

Tisini na mbili. Themanini na tano. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Lakini jaribu kuwa na ree mbili mkononi na shemeji kama yule mbele yako.

Nikamwona mke wangu dirishani, anahesabu mishono ya watu. Nikazitupa. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikazitupa zikiangalia juu.

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja alidondosha kikombe. Mwenyekiti aliinuka, akavaa miwani yake, akaziangalia zile karata kama daftari lililojaa makosa.

"Mtunza stoo, unajisikiaje?"

"Mzima, mwalimu."

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

Shemeji aliacha utani, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimwoe dada yake. Kisha akasema taratibu, "Shemeji, nikupeleke nyumbani?"

"Gawa karata."

Mzunguko uliofuata King'ora akaweka ishirini vyake, vya mwisho. Shemeji: "Vyote!" Mimi nikatupa, kumi vyangu vya lazima vikaenda. Karata tano za mezani, ambazo kila mtu huziunganisha na zake mbili, zikafunuliwa, na King'ora akashinda. Ana hamsini. Mimi mia na sitini.

"Ungewamaliza muda ule!" sauti ikatoka nyuma. "Ree mbili! Mungu anampa huyu, huyu anamrudishia!"

Jasho likanishuka mgongoni hadi kwenye mkanda. Lakini stoo haikaguliwi kwa kelele za mlangoni. Nikagawiwa tena, wafalme wawili. Nikawatupa nao, safari hii kimyakimya, nisije nikafungwa kamba.

King'ora aliziangalia karata zake kwa muda mrefu, akashusha pumzi, akasukuma hamsini vyake vyote.

"Vyote!" shemeji akaitikia, kiganja juu ya karata.

Wakafunua. King'ora, malkia wawili. Shemeji, saba ya uru na mbili ya pau, takataka tupu. Halafu mezani zikajileta saba mbili, moja ikimfuata mwenziwe kama bata, na ya shemeji ikawa ya tatu. King'ora akasimama, akapokea mkono wa mwenyekiti, akasema neno lake la kwanza siku ile: "Duh."

Mashine zilikuwa zetu. Bado shemeji akang'ang'ania tumalize, ajulikane nani wa kwanza. Nikafunika karata zangu kwa kiganja.

"Vyote," nikasema.

Nikapigwa vibaya sana, na sijawahi kupigwa kwa raha kiasi kile.

Nilibeba boksi langu kichwani hadi nyumbani. Mke wangu alilipapasa, akasoma maandishi ya ubavuni, akageukia ukuta kwa muda. Tulikuwa bado hatujakata kamba pale mlango uliposukumwa kwa kiuno. Shemeji, anahema, boksi begani.

"Dada, nimekuletea ile mashi..." Akaliona la kwangu.

Tukaangaliana.

"Wewe ulikuwa unacheza kwa ajili ya nani?" nikamuuliza.

"Goti ni la dada yangu. Wewe ulidhani mimi nashona?"

Kwa hiyo ningeziingiza zile ree nikashindwa, mashine ingekuja mlango uleule, begani kwa mtu mwingine. Jasho lote lile, kejeli zote zile, na nafasi ilikuwa mia katika mia tangu tulipobaki watatu.

"Hamkuulizana?" mke wangu akasema. "Miaka thelathini mnapayuka, swali moja liliwashinda?"

 Mke wangu alichukua uamuzi kabla chai haijachemka: moja yake, ya pili kwa King'ora, mkewe anajua kudarizi. Shemeji akainua boksi bila kubisha, nami nikashika upande wa pili.

Jumatatu asubuhi mke wangu aliiweka mashine mezani, akaweka kidole gumba cha mguu juu ya kidude cha kuiendeshea, na nyumba ikanguruma. Mjusi akahama.

Mimi nikafungua kompyuta, nikaongeza mstari wa elfu nne na moja. Nikauandika "Sh m ji", kwa sababu ya ile herufi, na bado sijui niujaze namba gani.