Neno Moja kwa Gisèle

Orville Dyck hasalimii kwenye simu. Huanzia katikati ya habari, kana kwamba tulikuwa tunazungumza tangu jana, nikaenda kunywa maji mara moja nikarudi.

"Si mnacheza timu moja?" aliniuliza Jumatatu ile, hata koti sijavua. "Wewe na yule mama wa ofisi ya waziri. Kila wiki mko wote kwenye barafu mnafagia. Basi kafagie na hili letu."

"Habari za asubuhi, Orville."

"Mbaya. Wanataka kung'oa reli, habari zitakuwa nzuri kwa lipi?"

Orville ni mwenyekiti wa chama cha wakulima wa ngano kilichoniajiri hapa Ottawa. Kazi yangu ni kukisemea chama hicho serikalini. Nalipwa kwa hilo na sioni haya: jina langu limo kwenye sajili ya washawishi, na yeyote mwenye simu anaweza kuifungua akajua nimemwona nani, mwezi gani, kwa jambo gani. Watu hudhani kazi hii ni ya kunong'onezana kwenye korido. Kwangu mimi ni kusoma ripoti mpaka macho yanauma.

Reli yenyewe ni tawi fupi katika jimbo la Manitoba. Linapita Dunvar, linavuka mto, linaishia Kalyna. Nimezaliwa Kalyna. Kaka yangu bado analima pale, na shamba lake limepakana na la Orville. Kampuni yenye reli ilikuwa imechoka nayo, na chama kiliiomba serikali iwasaidie wakulima kuinunua. Ikikataa, ngano yote itapita barabara ya changarawe ambayo kila theluji inapoyeyuka humeza malori mpaka ekseli, na wakulima wadogo watauza mashamba kwa wakubwa. Waziri wa Uchukuzi alikuwa aamue kabla ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa naitaka reli ile kuliko Orville alivyojua.

"Neno moja tu," alisema. "Kwani neno linapimwa kwenye mizani?"

"Langu linapimwa. Gisèle ni rafiki yangu. Kanuni zinanikataza kumshawishi mtu wangu wa karibu, yeye na ofisi yake nzima. Nilikwambia tangu mwezi wa tano, ukasema sawa."

"Mwezi wa tano nilikuwa sina shida."

Gisèle Thibodeau na mimi tumecheza mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu pamoja kwa miaka kumi. Mume wangu Stan alipokuwa mahututi, ni yeye aliyekuwa akinipokea zamu pembeni ya kitanda. Alipoteuliwa kuwa mkuu wa ofisi ya Waziri wa Uchukuzi, tulipatana siku ileile: klabuni hakuna kazi. Tunalalamikia magoti, tunawasema wanaume, tunawasengenya wale wa timu ya Alhamisi. Reli, hapana. Mara mbili tatu neno lilinifika ncha ya ulimi, nikalimeza pamoja na bia.

"Basi nakuja mwenyewe," Orville akasema, na akakata simu.

Alikuja kweli, na kasha la barafu mkononi. Mlikuwa na soseji za kukaushwa kwa moshi, pierogi, vile vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi ndani, alizotengeneza mkewe Thelma, na chupa kubwa ya matango ya siki.

"Soseji na pierogi zako," alisema akipanga vitu juu ya meza yangu ya jikoni. "Matango ya yule mama."

"Matango hayaendi popote."

"Wanda! Ni matango! Serikali ya Kanada itaanguka kwa matango?"

"Unakwenda kumwomba kitu. Anayeombwa kitu hapokei matango."

"Kwetu ukimwendea mtu mikono mitupu, hata mbwa wanakubwekea."

"Huku wanakubwekea ukienda umeshika kitu. Kaa chini tufanye kazi."

Miadi alikuwa ameiomba mwenyewe, kwa jina lake kama mwenyekiti, akapewa Alhamisi. Kikao kingeingia kwenye sajili kama vikao vyote. Mimi nisingekanyaga mle ndani. Lakini hakuna kanuni inayonizuia kumnoa mwenyekiti wangu, na nilimnoa bila huruma. Nilijifanya waziri, nikajifanya mshauri wake, nikajifanya wakili wa kampuni ya reli. Nilimkatiza kila alipoanza hadithi ya babu yake. Orville alipiga meza mpaka pierogi zikaruka.

"Una adabu mbaya, binti wa Procyk!"

"Wao watakuwa na adabu nzuri. Hiyo ndiyo itakuumiza zaidi. Daraja la Kalyna liko imara?"

"Imara."

"Lilikaguliwa lini?"

Akatazama dirishani. Sote wawili tulijua. Mafuriko ya mwaka juzi yalisogeza nguzo moja, na tangu hapo treni huvuka taratibu na mabehewa hayajazwi.

"Hawatauliza," alisema.

"Wakiuliza?"

"Nitasema imara. Nani wa Ottawa atakwenda kulipiga teke ajue?"

"Utasema kweli."

"Nikisema kweli wataikata reli pale pale mtoni, na Kalyna iko ng'ambo." Aliinama mezani akanikazia macho. "Kwangu, Wanda. Na kwenu. Kwa kaka yako."

Sitaficha: kwa kitambo nilitamani aende akadanganye, mimi nisijue. Kisha nikajichukia kwa kutamani.

"Utasema kweli," nikarudia. "Sitakufundisha lingine."

Alifunga kasha lake la barafu. Jioni tulikuwa na mechi, naye akang'ang'ania kuja kutazama. Mlangoni mwa klabu niliona mfuko wa koti lake umevimba kwa umbo la chupa.

"Ukimsogelea Gisèle na hiyo chupa, kesho naacha kazi."

"Natazama mchezo tu. Siruhusiwi kutazama?"

Mchezo wetu hauna makuu. Unasukuma jiwe zito lenye mpini liteleze juu ya barafu, wenzako wanakimbia mbele yake wakifagia ili lifike mbali, na jiwe linalolala karibu zaidi na kiini cha duara ndilo lenye ushindi. Fagio likiligusa jiwe linalokwenda, jiwe limeungua, linaondolewa. Mimi ndiye nahodha, kwa hiyo husimama kule mwisho kwenye duara nikielekeza.

Tulifika jiwe la mwisho na mechi ilikuwa mkononi. Jiwe lilikuja zuri, mwendo wenyewe hasa. Gisèle alifagia mgongo umeinama, nywele zimemwanguka usoni, nami nilikuwa nimeshaanza kucheka. Ghafla akasimama wima na kuinua mkono.

"Limeungua. Nimeligusa."

"Mimi sijaona kitu," alisema nahodha wa wapinzani wetu.

"Mimi nimeona," Gisèle akasema, akalisimamisha jiwe na kulisogeza pembeni kwa mguu. Tukashindwa.

Desturi ni kwamba walioshinda huwanunulia walioshindwa kinywaji cha kwanza, basi tukakaa sote juu, nyuma ya kioo. Nikamtambulisha Orville. Gisèle alimpa mkono.

"Tutaonana Alhamisi, Bwana Dyck," alisema, kisha akachukua glasi yake akahamia meza nyingine. Orville aliushika mfuko wake.

Njiani, garini, ndipo alipofunguka. "Nani alimwona?"

"Hakuna."

"Refa?"

"Hatuna refa. Aliyegusa ndiye husema."

"Mlikuwa mmeshinda, Wanda!"

"Tulikuwa tumeshinda."

Tulipofika nyumbani hakuvua hata koti. Kisha akaifungua ile chupa jikoni kwangu, akala matango mwenyewe, moja baada ya jingine, amesimama.

Alhamisi nilimngoja kwenye mkahawa unaotazamana na ofisi ya waziri. Nilikuwa nimeagiza kahawa nikasahau kuinywa. Alitoka kule uso mwekundu kama amechapwa na baridi, na haikuwa baridi.

"Ni yeye," alisema akijibwaga kitini. "Huyo wa jiwe. Amekaa katikati yao, kalamu mkononi. Amenisikiliza vizuri, lazima niseme. Wakulima wadogo, matope, malori, yote nimemmwagia kama ulivyonifundisha. Babu yangu sikumgusa. Halafu akaniuliza habari za daraja."

"Ukasema?"

"Nikasema nguzo ya pili imesogea! Nikasema treni hupita pale kwa mwendo wa ng'ombe!" Watu wa meza ya jirani waligeuka. "Nilikuwa na uongo wangu safi, nimeufanyia mazoezi bafuni. Nikamtazama usoni yule mwanamke, nikaukosa. Nimemwangusha kaka yako, Wanda."

"Hujamwangusha mtu. Kunywa kahawa."

Nilimsogezea kikombe changu. Nilimwonea fahari Orville Dyck siku ile. Pia niliogopa sana.

Alirudi Manitoba na siku zikapita. Gisèle hakugusia kitu, wala mimi. Jumanne ya mwisho wa mwezi tulicheza na timu dhaifu, lakini yeye alifagia kama barafu imemkosea. Hakuwasema wanaume jioni ile. Wakati wa kuagana alinikumbatia akanishikilia kupita kawaida.

"Wiki ijayo utakuja?" aliniuliza.

"Kwani nimewahi kukosa?"

Asubuhi yake simu ikalia.

"Habari za asubuhi, Wanda," alisema Orville.

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo hajawahi kunisalimia.

"Reli imebaki," alisema. "Serikali inasaidia kuinunua. Wametutangazia sote kwa pamoja, sisi na kampuni. Vituo vyote mpaka Dunvar, mpaka ukingo wa mto."

"Na Kalyna?"

"Wamesema daraja halifai. Kalyna imekatwa."

Nilisikia upepo kwenye simu yake. Alikuwa nje, shambani pengine, akitazama upande wa shamba la kaka yangu.

"Nimeshaongea na kaka yako," akaendelea. "Ametukana vizuri tu, kisha akauliza bei ya lori kuukuu. Tutabeba kwa zamu mpaka Dunvar. Sasa nisikilize, usianze kunililia. Mwaka kesho narudi huko kuliombea daraja. Nitakuja na ripoti ya mhandisi. Matango Thelma atakuletea wewe, mimi sibebi tena."

"Nitakunoa upya."

"Ninoe. Lakini safari hii upike mwenyewe."

Nilipoweka simu chini ndipo jambo moja liliponiingia akilini. Uamuzi kama ule hauandikwi asubuhi ukatangazwa asubuhi. Gisèle alijua jana yake. Alifagia akijua, akanikumbatia akijua kwamba treni haitafika tena kwetu, na hakunipa hata ishara ya jicho. Nilikasirika nikavunja kikombe. Kwa wiki nzima niligombana naye kichwani: miaka kumi, kitanda cha Stan, na umeshindwa kunitayarisha hata kwa neno moja? Kisha nilijisikia nikisema hayo, neno moja, kwa sauti ya Orville, nikanyamaza jikoni peke yangu.

Jumanne nilikwenda. Gisèle alikuwa amesimama karibu na mlango, koti hajavua, kama mtu ambaye hajui kama atabaki.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua."

"Ulinikumbatia."

"Sikujua la kufanya jingine." Alikishika kifungo cha koti. "Nilijua ni kwenu, Wanda. Nilisoma jina la Kalyna kwenye yale makaratasi nikaona uso wako. Sikulala."

"Kaka yangu alijua asubuhi ileile niliyojua mimi. Na kampuni ya reli nayo vilevile."

"Ndiyo."

"Ningekuchukia kama ungeniambia," nilisema. "Nimekuchukia vilevile. Lakini hili litanipita."

Alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa glavu. Nilichukua fagio lake pale ukutani nikamtupia, akalidaka.

"Leo usiguse jiwe," nikamwambia.

"Nikigusa nitasema."

"Najua."

Nikavuka barafu mpaka upande wa pili, macho yakinichoma, nikasimama kwenye duara na kumwonyesha pa kulielekeza jiwe la kwanza.