Jagi la Mnyaa

Watu wa ofisini wana mambo, jamani! Mmea mmoja wa mnyaa uling'olewa huko nyika ya kusini, ambako mvua ni ya kusimuliwa tu, ukaletwa zawadi kwa Mama Mkurugenzi. Kanuni ya ofisi ilisema: kila mmea jagi moja la maji kila siku, saa nne kamili, na mmwagiliaji atie sahihi. Wiki ya pili tu, matawi mawili yakalegea na kuoza.

"Mnyaa huu ukifa, na wewe ufungashe virago," Mama Mkurugenzi akamwambia mmwagiliaji, mzee waliyemwita Babu Jagi.

Babu Jagi aliomba aruhusiwe kuunyima maji. Wapi! "Kanuni ni kanuni, mzee wangu." Basi ikifika saa nne akawa anajificha nyuma ya pazia, analinywa jagi zima mwenyewe, kisha anatia sahihi. Akitembea tumbo linalia chubwi, chubwi. Lakini mnyaa ukapona, ukachipua vijiti vipya vya kijani. Aliupenda, msimcheke. Hauna majani, hauna ua la maana, ukiuvunja unatoa utomvu wa kuchoma macho. Hakuna aliyeutazama mara mbili. Yeye pia hakutazamwa.

Siku ya arobaini mkaguzi akavuta pazia.

"Mzee! Unakunywa maji ya mmea?"

"Nayanywa kwa niaba yake, baba."

Kikao kikaitwa. Maji yametoka, sahihi ipo, mmea mzima. Kosa liko wapi? Mkaguzi akashikilia kwamba jagi ni la mmea, binadamu haruhusiwi kulinywa. Walibishana mpaka mate yakawakauka. Mwishowe Mama Mkurugenzi akapiga meza: kanuni isivunjwe, na mzee asifukuzwe. Atolewe kwenye orodha ya wafanyakazi, aingizwe kwenye orodha ya mimea.

Akavishwa kibao shingoni, Mmea Namba Kumi na Nane, akawekewa kiti dirishani kando ya mnyaa ili apate mwanga. Kila Ijumaa alifutwa vumbi. Mkewe alipopigiwa simu alisema tu, "Mradi arudi kula."

Balaa likaja Jumatatu. Mmwagiliaji mpya, dada mwenye bidii ya kutisha, alitokea dirishani saa nne na majagi mawili. Babu akanyweshwa lake. Kisha dada akainua la pili juu ya mnyaa.

"Mwanangu, nipe na hilo," Babu akasema. "Utaniulia mwenzangu."

"Samahani, Babu, mimea haina ruhusa ya kusema," dada akajibu kwa adabu, akaanza kumimina.

Babu Jagi akajitupa, akalaza kichwa juu ya chungu, mdomo wazi. Maji yakamwingia mdomoni, puani, masikioni, yakamtiririka shingoni hadi sakafuni. Dada akasubiri jagi likauke, akatia sahihi: mimea miwili, majagi mawili.

Babu akainuka ameloa chapachapa, akatia kidole kwenye udongo wa mnyaa. Mkavu.

"Kesho tena," akaunong'oneza, akarudi kwenye kiti chake.